Kigwe cha Tambi: Safari ya Kobe Kutoka Majengo Hadi Gazi

Jamaa zangu wa baraza, tangu nirudi sijapita hapo kwa muuza kahawa bila mmoja wenu kunishika mkono: "Athmani, ilikuwaje?" Nikianza kusimulia, mwingine hunikata kauli, wa tatu anacheka kabla ya mahali pa kuchekesha, na kahawa yangu inapoa. Nimeamua kuandika. Mmoja awasomee wenzake, mimi ninywe kahawa ya moto.

Mlangoni kwetu, Majengo

Kobe ni gari la marehemu baba yangu, Mzee Salim. Ni jeusi, lina mgongo wa mviringo, na alilinunua kabla ya uhuru. Leo watoto waliozaliwa uhuru ulipoingia wanaoa. Baba alikuwa dereva wa watu maisha yake yote, na hilo ndilo gari pekee aliloendesha bila mtu nyuma yake wa kumwambia kata kushoto. Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Lilivuja oili. Kila lilipolala mlangoni liliacha doa, na kila asubuhi Shangazi Mwanamisi, dada yake baba, alitoka na jivu la jikoni akalimwagia ili watu wasiteleze. "Gari la ndugu yangu halina adabu," husema, "lajikojolea kama kitoto." Baba alipofariki, gari liliendelea kuvuja na Shangazi akaendelea kumwaga jivu.

Shangazi alikuja Nairobi kwa garimoshi kumuuguza mama nilipozaliwa mimi. Alikuja kukaa mpaka arubaini ya mtoto iishe, akakaa mpaka mtoto mwenyewe nimeota mvi. Kila mwaka baba alimwahidi, "Nitakurudisha kwetu Gazi kwa gari langu," na kila mwaka Kobe alikuwa mgonjwa. Huko Gazi, dada yao mkubwa, Bi Mwanakombo, alichoka na ahadi hizo. Kila aliyepanda kuja bara alipewa salamu zilezile: "Mwambieni Salim gari lake liko kinywani." Kijiji kizima kiliamini baba hakuwa na gari.

Mwaka huu Shangazi akasema anarudi kwao moja kwa moja, uzee haufai baridi ya Nairobi. Nikamwambia nitamkatia tiketi ya basi. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Nikishuka kwa basi, Mwanakombo atasemaje? Kwamba Salim kafa mwongo. Nami sitaki ndugu yangu aitwe mwongo naye yuko chini ya mchanga, hana mdomo wa kujibu."

Basi mambo yakawa hayo. Ama Kobe afike Gazi, ama baba yangu abaki mwongo.

Majengo hadi Shauri Moyo

Hatua hii mtu huitembea huku akitafuna muwa, lakini ndiyo iliyotuweka kuliko zote. Fundi wetu Mutiso ana banda lake la mabati Shauri Moyo, kando ya Wakamba wenzake wachonga vinyago. Zamani alikuwa fundi wa karakana ya reli, enzi reli ni ya nchi tatu. Akifanya kazi huimba nyimbo za kanisani, na injini ikimkasirisha wimbo hupanda sauti.

Alitambaa chini ya Kobe, akafungua bakuli la oili, wimbo ukakatika.

"Athumani, kuja uone maajabu."

Nikalala chali kando yake. Akanionyesha mwisho wa krenki, ule mhimili mzito unaozunguka injini inapofanya kazi. Pale unapotokea kwenda kwenye gia, palikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji kitu cheusi kimechakaa kama tumbaku ya mwaka juzi.

"Gari za siku hizi ziko na pete ya mpira hapa," akasema. "Hii, wazungu walifunga na kamba. Kamba tu, kama ya kufunga ng'ombe! Na imezuia oili miaka hiyo yote."

Nilibaki nimekodoa macho. Chuma chote kile, moto wote ule, na kinachozuia damu yake isimwagike ni kamba isiyozidi unene wa kidole. Tangu utotoni nililiogopa gari hilo kama mnyama, kumbe moyoni mwake mna kitu cha kusukia mkeka.

Wauza vipuri mjini walitucheka. Kamba ile walisema huenda hata huko Ulaya imo makumbushoni. Mutiso hakujali. Alikumbuka pampu za reli zilivyofungwa kwa kamba ya pamba iliyonyweshwa mafuta ya mnyama. Akanunua tambi za jiko la mafuta ya taa, ambazo ni pamba tupu, akasaga risasi za penseli ziwe unga wa kuteleza, akazisokota tambi pajani zikawa kamba nzuri. Yalibaki mafuta.

Hapo ndipo tulipokwama. Shangazi alikuwa akija kila siku na kikapu cha mahamri, kusimamia kazi. Akaona mkebe.

"Mafuta ya nini hayo?"

"Ya mnyama, mama," Mutiso akajibu kutoka chini ya gari.

"Mnyama gani?"

"Huyo hakuniambia jina lake."

Alitania tu, maskini. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Shangazi alisimama, akajifunga leso, akatangaza kwamba yeye hawezi kurudi kwao akipandia mafuta ya nguruwe. Mutiso akatoka chini mbio, akaapa ni ya ng'ombe, kayatoa kwa mchinjaji Mwislamu, tena wa Majengo hapohapo, tena anaswali msikiti mmoja nami. Wapi! Shangazi alikwenda nyumbani, akarudi na kopo la samli aliyomwekea dada yake, samli iliyopikwa kwa iliki.

Mutiso akaangalia mbinguni. "Mama, hii ni injini, si pilau."

"Na injini itakula cha halali," akasema Shangazi. Kobe akala samli.

Shauri Moyo hadi viwandani

Mlitusindikiza wenyewe, kwa hiyo sihitaji kuwaeleza vigelegele, ubani na mizigo ya salamu mliyonirundikia. Shangazi alikaa mbele amevaa buibui jipya, mikono magotini kama anayepigwa picha. Tukakamata barabara ya viwandani.

Tulipofika usawa wa Mukuru, vibarua walikuwa wakitoka zamu. Kijana mmoja akakimbia kando yetu akipiga bodi kwa kofi.

"Buda! Buda! Hiyo moti yako inamwaga!"

Niliposhuka niliuona mstari mweusi nyuma yetu, unanyooka mpaka kwenye kona. Chini ya Kobe oili ilikuwa ikitoka si kwa matone bali kwa uzi. Vijana wakatusukuma pembeni, na mama mmoja aliyekuwa akiwauzia uji akampisha Shangazi kwenye debe lake la kukalia, akampa kikombe.

Shangazi alikishika kile kikombe, hakunywa. Nilimtegemea afoke, maana akifoka najua la kufanya. Hakufoka.

"Kumbe Mwanakombo alisema kweli," akasema taratibu. "Lilikuwa kinywani."

Sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kiasi kile. Baba yangu alikuwa anazikwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyeshika usukani.

Kurudi Shauri Moyo

Dereva wa lori la saruji, ambaye sikupata hata kumwuliza jina, alitufunga mnyororo akatuvuta mpaka kwa Mutiso. Mutiso alitoa kamba yake bila wimbo. Akaiweka juu ya gunia, sote tukaitazama kama tunaotazama maiti.

Shangazi akaiokota. Akaifuta kwa kidole, akaigeuza huku na huku.

"Nani kasokota hii?"

"Ni mimi, mama."

"Umesokota kamba ya mbuzi, mwanangu. Tazama." Akapitisha ukucha kwenye bonde linalozunguka kamba kutoka ncha moja hadi nyingine. "Kilichosokotwa kina njia. Mafuta yameiona, yameifuata mpaka nje. Kilichosukwa hakina njia, kila uzi wampita mwenziwe na kumziba."

Mutiso alimnyang'anya kamba, akaisogeza karibu na macho, kisha akajipiga paja kofi la kusikika mtaa wa pili. "Woi! Hata ile ya reli ilikuwa ya kusuka! Ilikuwa inakuja tayari kwa sanduku, mimi nakata tu. Mama, unajua kusuka ya duara?"

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Waniuliza kama najua kusuka kigwe? Hayo makanzu ya Ijumaa ya Majengo nzima, waona vigwe shingoni vimejiota?"

Alivua kiatu. Akakaa juu ya sanduku la spana, akafunga ncha za tambi kwenye kidole gumba cha mguu, kama nilivyomwona akifanya tangu nina akili, akazigawa mkono huu na mkono huu. Tambi zikaanza kupishana. Jamani, nimeishi na mikono ile maisha yangu yote, imenilisha na kunichapa, lakini sikuwahi kuitazama. Ilikuwa ikienda yenyewe. Macho ya Shangazi yalikuwa kwingine kabisa, yuko mbali, pengine Gazi, na huku kigwe kinateremka kutoka vidoleni mviringo, kimebana, hakina pa kupitisha hata sindano. Wachonga vinyago waliacha vyao, wakaja mmoja mmoja wakasimama. Wale ni watu wanaojua kazi ya mkono ikoje, na walivyonyamaza ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa naona jambo kubwa.

Alipomaliza, mmoja wao alileta kijiti cha mpingo. Alikuwa amekichonga wakati tunatazama na kukilainisha kama kioo, kwa sababu kigwe kikishindiliwa kwa chuma kitakatika. Mutiso akakinywesha kigwe samli na unga wa penseli, nusu akaivuta juu ya krenki kwa waya, pole pole, anapumua kama mkunga. Nusu ya chini akaishindilia kwa mpingo ule, akazungusha, akashindilia. Samli nyingine ilimchuruzika, ikaangukia bomba la moshi. Hakuna aliyejali. Kumbe tungelipia hapo mbele.

Viwandani hadi Mtito Andei

Tulipita tena Mukuru. Yule mama wa uji alitutambua, akainua upawa juu kama bendera. Shangazi akampungia, mimi nilikuwa nimebana meno siwezi kupunga chochote.

Athi River nikasimama, nikalala chini ya gari.

"Lavuja?" Shangazi akauliza kutoka juu.

"Halivuji."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Nikapapasa. Nikatoa mkono, mkavu, una vumbi tu. Hivyo ndivyo tulivyosafiri: kila kituo nalala chini, lavuja, halivuji, tazama tena. Shati langu jeupe liliisha rangi kabla ya Sultan Hamud.

Karibu na Emali mawingu yakafunguka upande wa kulia, na huko juu, mahali ambapo mtu hatazamii kuona ardhi, palikuwa na theluji. Shangazi aliniambia nisimamishe. Njia ile aliipita mara moja tu, kwa garimoshi la usiku.

"Huu mlima ulikuwapo hapa siku zote?"

"Siku zote, Shangazi."

"Nami niko Majengo nachambua mchele." Akautazama mpaka mawingu yakafunga.

Kutoka hapo bomba likapata moto sawasawa, na ile samli ikaanza kazi. Harufu ya iliki ilijaa garini, ikatoka madirishani, ikatutangulia. Kila tuliposimama watu waligeuza shingo. Huko mbele ya Kibwezi, kwenye kizuizi cha barabara, askari mmoja alitusogelea anasinzia, mara pua zake zikaamka.

"Mzee, fungua buti."

Nikafungua. Akapekua mikeka, sanduku la nguo, akafikia sufuria kubwa ya Shangazi. Akafunua kifuniko, akaona utupu. Uso wake uliporomoka.

"Mmeshakula yote?"

"Hatujapika, afande. Ni injini hiyo inanukia."

"Unanichezea mimi?"

Nilianza kueleza habari za kamba, tambi na nguruwe, nikaona nazidi kujizamisha. Shangazi alishuka, akaniamuru niinue boneti. Akamwita yule askari, "Njoo, mwanangu, njoo unuse." Askari akavua kofia, akainama juu ya injini kwa heshima zote, akavuta pumzi. Akabaki hapo kitambo.

"Kweli," akasema, "hii ni gari ya Waswahili." Shangazi alimpa mahamri, akaturuhusu, na kwenye kioo nilimwona bado amesimama katikati ya barabara anatafuna.

Mtito Andei hadi Mombasa

Baada ya Mtito, ardhi inageuka nyekundu, na ndovu wa huko nao ni wekundu, maana huoga udongo ule. Tuliwakuta barabarani, kundi zima, majike na watoto. Nikazima injini. Sijui kama mmewahi kusikia ukimya wa aina ile, ambapo kinachosikika ni ngozi tu ikisuguana na majani yakikatika.

Jike mmoja mkubwa alisimama mbele yetu. Akainua mkonga, akaunyoosha juu ya boneti, ncha yake ikawa inatafuta, inavuta hewa. Naye kaisikia iliki. Shangazi hakupiga kelele. Alikuwa akisema "Subhanallah, Subhanallah," kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka, na alikuwa anatabasamu. Mnyama akatoa pumzi nzito iliyofanya ukungu kwenye kioo, akageuka akawafuata wenzake. Ukungu ulipotea polepole na hatukuwasha gari mpaka ulipoisha.

"Laiti Salim angeyaona haya," akasema.

"Angepiga honi," nikamjibu. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, maana ni kweli, angepiga.

Voi halivuji. Mariakani halivuji. Mombasa tukafikia kwa jamaa, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, nami nikalala nina mchanga wa mikoa mingapi sijui nywelani.

Likoni hadi Gazi

Kwenye feri abiria huambiwa washuke garini. Shangazi aligoma. Alisema ndugu yake aliahidi kumfikisha na gari, si kumtembeza majini. Jamaa wa feri alibishana kidogo, akamtazama usoni, akaenda zake.

Tulifika Gazi baada ya swala ya alasiri. Nilipiga honi, kwa niaba ya baba. Watu wakatoka majumbani, wakasimama wanatazama kitu walichokicheka miaka yote. Kisha njia ikafunguka, na Bi Mwanakombo akaletwa, ameshikwa mkono. Macho yake yaliondoka zamani, haoni. Shangazi akashuka, wakakumbatiana, na sikusikia walichoambiana.

Halafu yule bibi akajitoa mikononi mwa dada yake. Akanyoosha viganja mbele mpaka vikagusa boneti, bado ya moto. Akaanza kulizunguka gari. Akapapasa taa moja, akapapasa ya pili. Akapita ubavuni, akaukuta mgongo wa mviringo, akaufuata mpaka nyuma, akarudi upande wa pili, hakuruka hata mpini wa mlango. Kijiji kizima kilingoja. Alipofika alipoanzia akalaza shavu lake kwenye chuma.

"Salim," akasema, "nisamehe, ndugu yangu. Lilikuwapo."

Mimi ni mtu mzima, lakini nilikwenda nyuma ya nyumba.

Asubuhi

Niliamka nikamkuta Shangazi amesimama kando ya Kobe, ameshika kifuu cha nazi kimejaa jivu. Mikono ilikuwa imeamka na mazoea yake. Mchanga wa kwao ni mweupe, na chini ya gari ulikuwa mweupe vilevile, hakuna tone.

Alipatazama pale pakavu, kazi yake ya asubuhi imeharibiwa na kigwe chake mwenyewe.

"Sasa hili jivu nilipeleke wapi?" akauliza.

Nikacheka. Nikamtazama, nikaona yeye hacheki. Nikamshika bega, tukakaa hivyo mpaka Bi Mwanakombo alipotuita chai.

Nimerudi peke yangu na kiti kitupu mbele. Kobe hakuvuja njia nzima, Mutiso amekwishajisifu kwenu mwenyewe. Ila lile doa la zamani, la miaka yote, bado lipo mlangoni kwetu. Siku ya kwanza nililipita. Siku ya pili nililiruka. Siku ya tatu niliingia jikoni nikachota jivu. Kwa hiyo, jamaa zangu, mkipita asubuhi mkanikuta nimeinama namwaga jivu mahali pakavu, nipeni salamu tu mwende zenu.